Maji Nayo Yana Uvimbe

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Prosperi,

Shikamoo kaka. Habari za huko Urambo? Wifi Mektilda anaendeleaje na mguu wake? Tumbaku mmemaliza kukausha au bado mnahangaika na kuni? Sisi hapa wazima, na baba ni mzima. Hilo naomba ulisome mara mbili. Ningekupigia simu, ila neno lenyewe halifai kusemwa huku mtandao unakatikakatika, ndiyo maana nimempa Anton wa basi akukabidhi barua hii mkononi.

Unajua nilimtoa baba Ulyankulu kwa ajili ya kile kichwa kilichokuwa kikimsumbua tangu Kwaresima. Nikampeleka kazini kwangu, kwenye siti skani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ninayoitunza. Picha zilipotoka nikakimbilia kuzitazama, na katikati kabisa ya ubongo wa baba nikaona kiduara kidogo cheupe. Kaka, nikajua ni uvimbe. Daktari Justus alisema tusubiri, kwamba umbo lile halimwingii akilini, lakini mimi sikumsikia tena. Nilipotoka, baba alinitazama usoni mara moja tu, akaomba aitiwe padri.

Akapakwa mafuta matakatifu hapa sebuleni kwangu, amevaa lile koti alilovaa kwenye harusi yako. Kisha akaomba tubaki wawili, akazungumza mpaka sauti ikamkauka. Nitakufikisha huko, nivumilie.

Asubuhi nikaenda kazini macho yamenivimba. Kila siku kabla ya wagonjwa huwa tunaipima mashine kwa chombo cha maji: unakiweka pale panapolala kichwa cha mgonjwa, unapiga picha, na maji yanatakiwa kuonekana sawasawa kote. Jana yake yalikuwa safi kabisa. Safari hii, weee! Katikati ya maji, kiduara kilekile! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Maji nayo yana uvimbe!

Ngoja nikueleze. Ndani ya mashine kuna safu ya vihisi vinavyopokea mionzi ikishapita mwilini, na nyuma ya vihisi kuna kadi za umeme zinazogeuza kila kilichopokelewa kuwa tarakimu. Kompyuta inazikusanya tarakimu hizo, inachora picha. Sasa kadi moja ikianza kudanganya, kwa kuwa mashine inazunguka, uongo nao unazunguka, unatoka duara. Haya mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi! Angekuwa mgonjwa mwingine ningeijua alama ile palepale. Kwa kuwa ni baba, akili yote iliruka. Kweli mganga hajigangi.

Mimi na fundi mwenzangu Idrisa tukabadilisha kadi, maji yakatakata, baba akarudiwa kupigwa picha. Hana kitu. Daktari kasema ni presha, kampa vidonge, na kichwa kimetulia. Nilidhani atashangilia. Badala yake alikaa kwenye benchi la korido, akaniuliza kama na yale aliyonieleza yanaweza kuondoka kwa kubadilisha kadi. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ananiagiza nikuandikie, jioni ananikataza, nami sijui nimtii baba yupi.

Basi neno lenyewe ni hili. Alisema walipokimbia Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto akafia njiani, wakamzika kwa jembe la kuazima. Mbele kidogo wakamkuta mwanamke kando ya njia, ameshakufa, na kitoto kinalia kifuani pake. Mama maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Akaketi palepale akakinyonyesha, na alipoinuka akakiita kwa jina la yule aliyetoka kumzika. Prosperi. Ni wewe, kaka yangu. Yule mwanamke hawakumjua hata jina. Walimfunika kwa kitenge cha mama wakaendelea, maana risasi zilikuwa zinasikika nyuma.

Jamani, nimechanganyikiwa. Namkasirikia baba kwa kunyamaza miaka yote hii, namkasirikia kwa kusema, kisha namwonea huruma. Nakukumbuka ukinibeba mabegani siku za mvua kunivusha mto kwenda shule, na sioni kilichobadilika, ila nalia tu.

Kinachomtesa baba si shamba wala ng'ombe. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na anaogopa kwamba ukijua hutakuja. Jana ameniuliza siku yake ikifika kweli ni nani atakayeutupa. Nimemjibu ni wewe. Sikukuomba ruhusa, kaka. Kama nimekosea, panda basi uje umwambie mwenyewe.

Nisalimie sana wifi, watoto na wajukuu. Mungu awalinde. Baba yuko barazani, kavaa lile koti na joto lote hili, na kila basi la Urambo likipita anainuka. Ameniona naandika na leo hakunikataza. Amesema nikusalimu, na kwenye salamu zake nisiandike jina lako, niandike mwanangu.

Ni mimi mdogo wako,
Irakoze