Sahani ya Jirani

Jumanne, Kabalagala

Chapati zile hakuzipika Odhiambo. Mume wangu hata uji humshinda, na leo kwenye simu, huko Australia, alikuwa anakula chapati laini za tabaka.

"Nimeletewa na jirani, dada mmoja Mkenya. Sahani yake nitairudisha na nini?"

Leo ndiyo amekumbuka kwamba sahani ya jirani hairudi tupu! Wivu umenishika.

Viza ya muda ya mke, ya kumfuata huko, ninayo tangu mvua zilizopita. Ni mimi ninayesema bado kidogo, saluni yangu haijapata mnunuzi. Kumbe naogopa tu kwenda kufagia nywele kwenye saluni ya mtu.

Nimemwambia sahani asiiguse. Kesho nakata tiketi. Nitairudisha mwenyewe.