Utabiri wa Mzee Tikiti

Jumapili, 18 Januari 2026

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Mzee Tikiti ni mimi. Yule "mzee" wa mtandaoni anayetabiri filamu ipi itajaza ukumbi na ipi itabeba tuzo, ambaye watu wazima humwita mwalimu — ni msichana wa mtaa wa Lucky Summer aliyemaliza Form Four juzi. Yule ambaye mwenye duka humwambia, "Sema kwa nguvu, siumi!"

Leo nimetabiri Nyumba ya Mjane. Nimeandika: wiki moja sinemani, tuzo sifuri. Jumba la mawe, mishumaa, mapazia yanayopumua — nani Nairobi atalipa kutishwa na pazia? Kisha nikaongeza la kaburi. Kwamba mjane amezikwa upande wa kulia wa nyumba, kama vile yeye ndiye mume, na kwetu Wajaluo mke huzikwa kushoto! Kwamba Mjaluo yeyote ataangua kicheko pale pale anapotakiwa kuogopa.

Watu wamecheka kweli. Sijawahi kupata likes hivi.

Ukweli? Niliiangalia Novemba kwenye laptop ya Anko Okinyi, ndugu yake Mama. Yeye ni mmoja wa mafundi wa taa wa filamu hiyo. Niliogopa hadi nikahamia kitanda cha Mama. Mjane anashuka ngazi na mshumaa mmoja, uso wote giza, kidevu tu kinaonekana. Ile taa aliipanga Anko mwenyewe! Nilijua pale pale kwamba itashinda.

Lakini mwezi jana nilisifu filamu nyingine na hakuna aliyesoma. Nikichinja, wanakuja mbio.

Jumatatu, 19 Januari

Anko alipitia kwetu chakula cha mchana. Akamsomea Mama maneno yangu kwa sauti, huku anacheka. Eti huyu mzee ana mdomo! Mama akauliza ni mzee gani huyo asiye na kazi. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nimewapa mgongo.

Ghafla Anko akarudi kwenye mstari wa kaburi.

"Ngoja kwanza. Hilo kaburi alilionea wapi?"

Wenye filamu walishaliona kosa hilo. Walikata kipande chote cha mazishi Desemba. Hakimo kwenye filamu itakayotoka Ijumaa, wala kwenye matangazo. Kimo tu kwenye nakala ya kwanza, ambayo walipewa mafundi wachache waikague, na wakaambiwa isitoke nje.

Ugali uliungua. Mama akasema nina mawazo ya college.

Jumatano, 21 Januari

Kawsar, mwongozaji wa filamu, amempigia Anko. Anko alikuwa kwetu anatengeneza swichi, mikono imejaa, akaweka simu kwa spika. Sauti ya Kawsar ni ya upole, ndiyo mbaya zaidi. "Kaka Okinyi, sitaki kukushuku. Lakini nakala imevuja, na wewe ndiye Mjaluo pekee aliyekuwa nayo."

Filamu yake ijayo alikuwa amemwahidi Anko awe mkuu wa taa. Miaka yote hii Anko amewabebea wengine nyaya. Sasa Kawsar anasema hilo lisubiri hadi ajue nani alivujisha.

Anko akanigeukia. "Aluoch, ile filamu ulimpa mtu?"

"Hapana."

Ni kweli. Sikumpa mtu.

"Najua," akasema. "Utampa nani, na hata salamu unabania watu?"

Mama akacheka hadi akafuta macho. Mimi nikatazama sakafu.

Nimefuta ule utabiri. Kazi bure — picha zake zimesambaa kila mahali, na sasa wanasema Mzee Tikiti amehongwa aufute.

Ijumaa, 23 Januari

Imetoka leo. Anko alitupatia tiketi, mimi na Mama. Ukumbi umejaa! Mjane aliposhuka ngazi, kijana nyuma yetu alimwambia mpenzi wake, "Wacha kunishika, hata mimi naogopa." Jina la Anko lilipopita mwishoni Mama alipiga kigelegele, peke yake, watu wakageuka. Kisha wakapiga makofi.

Nje, mtu akauliza, "Huyo Mzee Tikiti aliona filamu gani?"

Sikuweza kumpongeza Anko. Akadhani ni haya zangu za kawaida.

Jumamosi, 24 Januari

Niko Eastleigh, kwenye benchi nje ya ofisi ya Kawsar. Anko amenileta niwe shahidi. Amevaa shati lake la kanisani. Njiani aliniambia niseme tu yale niliyosema nyumbani. "Watakuamini. Wewe hujui kudanganya."

Mlango haujafungwa vizuri. Nawasikia.

"Huyu mtoto nimemlea," Anko anasema. "Nyumba nzima ni yeye tu aliyeiona. Muulize!"

"Kaka, sitaki kumtisha mtoto wa watu."

"Wewe muulize!"

Nikisema sikumpa mtu, ni kweli, na lawama inabaki kwa Anko. Nikisema Mzee Tikiti ni mimi, basi siri imetoka kwake hata hivyo, na tena kwa mtu anayemtetea kwa sauti ile. Kwa vyovyote yeye ndiye anayeumia. Tofauti ni moja tu: kama atajua ni nani aliyemuumiza.

Kawsar ametoka. Ananitabasamia. "Karibu ndani, mdogo wangu. Usiogope." Namwomba dakika moja. Anadhani nasali.

Ndani, Anko amesogea, ameniachia nusu ya kiti chake.

Nadhani nitalitaja lile jina, niseme ni langu. Nadhani. Lakini wataniuliza kwa nini, na nitasema sikuipenda filamu, nilikosea, mimi ni mtoto. Kwamba niliipenda, kwamba nilijua itashinda na ni taa yake itakayoshinda, nikaandika vile nikijua — hilo Anko asilisikie kamwe. Limebaki kwangu na kwako, daftari langu. Usimwambie. Tafadhali, usi