Uzi Mweupe Kwenye Daftari la Sudi

Fundi wangu, Mama Rukia,

Leo nimepumua. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa kwenye kigoda chako karibu na cherehani, nikuambie kabla sijamwambia mtu mwingine: Mama Hanifa amerudi.

Tangu tukuzike hapa Kibuli, sukari imeadimika zaidi, na sabuni ndiyo usiseme. Ila hadithi zetu sijaziacha. Unakumbuka mchezo wa dereva Sudi ulipokatizwa redioni, tukaendelea kumwandika wenyewe kwenye madaftari, na wanawake wa mtaa wakaazimana mpaka kurasa zikalegea. Kila daftari ulilishona mgongoni. Uzi mweupe: soma bila wasiwasi. Mwekundu: humu mtu anakufa au anachukuliwa. Nilikucheka, nikasema unamwaga utamu kabla haujaonjwa. Ukanijibu bila kuinua macho: "Mtu akikuja kwangu, mi naambia yeye kama kuna mbwa. Kuingia, ataamua yeye."

Mjuaji mimi! Ulipoondoka nikaandika Sudi anatiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, na daftari nikalishona kwa mweupe. Nikajitetea kwamba mwekundu umekwisha. Uongo, Fundi. Mkebe wako wa vifungo ulikuwa nao tele. Nilitaka washtuke.

Aliyeshtuka ni Mama Hanifa, ambaye mumewe alichukuliwa na askari kule Kisenyi hivyo hivyo, na mpaka leo hakijarudi hata kiatu. Wiki nne hakukanyaga hapa. Tukikutana sokoni anageuza uso. Wenzangu waliogopa daftari lisiangukie mikononi mwao. Mimi niliogopa uso ule. Nililia, sikufichi. Ungekuwepo ungenichapa na futi, halafu ungenichemshia chai.

Leo asubuhi akaingia, daftari kifuani. Akaliweka mezani. "Fumua hii. Shona na nyekundu." Nilijichoma sindano mara mbili. Nilipomaliza akalichukua, akakaa kwenye mkeka wa wateja, akalisoma pale pale tangu mwanzo. Alipofika kwenye buti akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata siku ile mumewe alipochukuliwa. Lakini hakulifunga. Akasoma mpaka mwisho, akajifuta kwa ncha ya leso, akaniuliza kama Sudi ana mke, na huyo mke anakula nini siku hizi. Nikamwambia nitamwandikia kesho. Akasema basi atakuja kesho.

Nimefurahi, Fundi, mpaka naona aibu.

Pumzika sasa. Uzi mwekundu hautakosekana kibandani hapa, hata ikibidi nifumue gauni langu la Idi. Na barua hii nimeishona kwa mweupe. Safari hii ni kweli.

Mwanafunzi wako,
Zaina