Mwikali, Jina Lako Halitapitia Kwangu

Mwikali mwenzangu,

Nimechoka, na wa kumwambia ni wewe tu, ingawa uko pale nyuma ya ghala tulikokuzika.

Mtoto wako ameota jino. Mama mkwe wetu amempa jina la mzee wake, Mutua, na anamwita "mume wangu" kutwa nzima, anamuuliza kama ameshiba. Kijana waliyekudai miaka yote alikuja wakati ulipokuwa umesema unapumzika kuzaa. Wasichana wako wanne wanalala kwangu pamoja na wangu watano, na usiku sijui mguu ni wa nani. Baba yao, shemeji yangu, amerudi kazini Mombasa. Mahindi ya manjano ya msaada yameisha, lakini mvua ilinyesha na kunde tumevuna.

Unakumbuka vidonge vyetu vya kupanga uzazi? Tulivificha ndani ya kibuyu cha mbegu, kwa sababu mama mkwe hafungui kibuyu cha mbegu cha mke wa mwanawe. Vyangu vilinitapisha kule tulikokuwa tukichimba matuta na kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, wakadhani nina mimba, wakanipongeza. Ulicheka hadi ukaweka jembe chini. Wewe hukutapika hata siku moja, nikakuonea wivu.

Ulikuwa ukivimeza mumeo akija likizo tu. "Kwani nimeze ya nini na mwenyewe hayuko?" uliniuliza, nami nikaona una akili kuliko sisi wote. Baada ya mazishi ndipo sista wa kliniki ya Kanyangi aliniambia vinamezwa kila siku, mume awepo asiwepo. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kuinuka. Labda tuliambiwa siku ile ya kwanza, watoto wakilia mapajani, tukaitikia tu ndiyo, ndiyo. Inaniuma, Mwikali. Inaniuma hata nikiwa napepeta kunde.

Sindano nayo uliiona ilivyonitenda. Damu wiki baada ya wiki, na maji yenyewe tulikuwa tunayachimbua mchangani mtoni na kubebesha punda. Nifue vitambaa ama watoto wanywe? Asubuhi moja nikakuta vitambaa vyangu vimeanikwa na vyako, safi. Sikukushukuru kwa sababu ya aibu. Asante.

Sasa nikuambie lililonileta. Mwezi jana mama mkwe aliketi mlangoni kwangu na Mutua mgongoni, akasema, "Wewe bado uko na nguvu. Zaa kasichana kamoja tu, tukape jina lake, Mwikali arudi." Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Kina mama wa mwethya nao wanasema hivyo hivyo. Kila mtu anataka nikuzae, na sitakuficha, hata mimi nilitaka. Nilijiona nikikuita jina lako jikoni, na wewe ukija.

Lakini nilikuona ukifa ukimzaa Mutua. Nilikuwa nimekushika kichwa.

Basi Jumanne nilimpa mama mkwe uji wa mtoto, nikaenda Kanyangi kwa miguu. Sista hakunifokea. Alisema, "Mwili wa kila mtu ni wake, hizo mbili zilikukataa, wacha tujaribu koili, inakaa ndani ya tumbo la uzazi." Nilirudi nimeinama kwa maumivu kama bibi kizee. Tumbo lilininyonga siku kadhaa, kisha likatulia. Sitapiki, na vitambaa nafua kama watu wengine. Sijui kama itanifaa hadi mwisho, lakini leo inanifaa.

Baba watoto wangu alipokuja kutoka kazini Kiboko nilimwambia ukweli, nikingoja kelele. Aliangalia nyuma ya ghala. Kisha akasema, "Jeneza la mke wa kaka yangu nimebeba. La kwako sitaki." Akaenda kufunga mbuzi.

Mama mkwe bado sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe, mchana, tukichambua kunde.

Kwa hiyo jina lako halitarudi kupitia kwangu, mwenzangu, nisamehe. Msichana wako mkubwa ameanza kunizidi urefu. Siku akiolewa nitampeleka kliniki mimi mwenyewe, nikae kando yake kwenye benchi, nimshikie mtoto ili asikie kila neno. Na akitaka kukuzaa, akuzae kwa kupenda kwake.

Lala sasa. Hawa kumi wako na mama, na mama huyo anataka kuishi.

Wako,
Kalunde