Kwa Baba Yetu Fakhrudin, Aliyemwachia Flavia Pumzi Zake

Mwaka umetimia, Baba, tangu alasiri ile ulipomaliza chai yako, ukamwambia Mama unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Daktari alikuwa ametuonya kwamba moyo wako mgonjwa ungekutesa sana kabla ya kukuachia. Tuliishi na hofu hiyo miezi mingi. Haikuwa hivyo. Uliondoka kwa upole, na hata leo tunapolia, tunashusha pumzi na kushukuru.

Watu wa Tabora walikujua kwa duka la redio. Sisi tulikujua zaidi kwa chumba cha nyuma, kile ulichokitundikia magunia ya pamba ya Nzega kuta nzima ili sauti isirudi. Hapo ndipo ilipokaa mashine yako ya kurekodi. Bendi za mjini zilipita hapo, na kwaya za vijiji vya ujamaa, na wazee wa ngoma waliokuja na vumbi la safari miguuni. Hukumrudisha mtu.

Ila mikono yako, Baba, ilikuwa haitulii. Mtu akikohoa, ulikata tepu kwa wembe na kuiunganisha upya. Mwimbaji akichelewa kidogo, ulimwahisha wewe kwa wembe huohuo. Nassibu, mpiga gita, alikuwa akilalamika hadharani: "Kwa Fakhrudin unaingia na gita lako, unatoka na la mwenzio." Ulicheka, ukaendelea kukata.

Ndipo akaja Flavia.

Ilikuwa mwaka 1973. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, amepewa shamba Ulyankulu. Katika kukimbia alipotezana na kaka yake, Raymundi, ndugu pekee aliyekuwa amebaki, na watu waliovuka naye walimwambia asimngoje tena. Bwana Eustace, afisa utamaduni, alimsikia akiimba shambani, akamleta kwako kwa lori la mahindi, kwa kuwa redio ilikuwa inaomba nyimbo za mikoani.

Flavia aliimba wimbo wa kuvuna uwele aliofundishwa na mama yake. Sauti ilikuwa pana, imetulia. Lakini mbele alikuwa na pengo la jino, na kila alipovuta pumzi kuanza ubeti, hewa ilipita pale ikatoa mluzi mdogo. Alipokwenda uani kunywa maji, uliuchukua wembe ukaziondoa pumzi zote, moja baada ya nyingine. Ulimwita ukiwa umejaa furaha, ukamwekea asikilize.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Mama huyu anaimba vizuri," alisema. "Ni nani?"

Ulidhani anatania. "Ni wewe, Flavia!"

"Hapana, bwana. Mimi napumua."

Mama, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, anasema uliuweka wembe chini. Ulitazama vipande vya tepu vilivyotapakaa sakafuni. Nje, dereva wa lori alikwishaanza kupiga honi, anataka kuiwahi barabara kabla ya mvua. Bwana Eustace akasema basi, wimbo ni mzuri hivyo hivyo, waondoke.

"Kherunisa," ulimwita Mama, "mpelekee dereva chai na chapati. Chapati nyingi."

Kisha ukamwomba Flavia aimbe tena. Ulisogeza maikrofoni kidogo pembeni, ukafunga dirisha kwa ajili ya honi, ukabonyeza kitufe, na halafu, Baba, ukaikalia mikono yako miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. Aliimba mara moja tu. Kila pumzi ilibaki mahali pake.

"Redio watatucheka," alinong'ona Bwana Eustace. "Mbona kama anapiga mluzi?"

"Wacheke," ulimjibu. "Lakini watakuwa wamemsikia yeye."

Wimbo ulitangazwa kiangazi kilichofuata. Mtangazaji alisema umetoka Tabora, basi. Jina la mwimbaji hakulitaja. Siku chache baadaye alisimama mbele ya kaunta yetu mwanamume mrefu, kashika baiskeli iliyojaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka Sikonge, kwenye mashamba ya tumbaku, akiulizia njia nzima nani anarekodi nyimbo mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwanamke aliyeimba redioni, yule mwenye mluzi. Yuko hai?"

Mama akamwambia yuko hai, yuko Ulyankulu. Yule mtu aliketi chini palepale, kwenye ngazi ya duka. "Wimbo ule kwetu kila mwanamke anaujua," alisema. "Nisingegeuza hata shingo. Lakini pumzi ile! Jino lile nililing'oa mimi kwa jiwe, tulipokuwa watoto tunagombea embe."

Ulifunga duka saa za kazi, jambo usilolifanya hata ulipougua, ukampakia Raymundi na baiskeli yake kwenye pikapu. Flavia alikuwa anapalilia. Aliinua kichwa, akaliacha jembe lianguke, akaja akitembea polepole, kama anayeogopa kwamba akikimbia utaondoka na Raymundi. Alimshika kaka yake masikio yote mawili, akamtazama.

"Umezeeka," akasema. Kisha wakaangua kilio, na wewe ukaenda kusimama nyuma ya gari.

Tangu hapo watu walisema umebadilika. Kweli, lakini si kwa yote. Gita lisilolingana nyuzi ulilirudisha nje hadi lilingane, na Nassibu aliendelea kulalamika. Mpiga ngoma mwenye mkono mzito ulimsogeza hadi mlangoni, mbali na maikrofoni. Ila kwa mwimbaji ulikuwa ukimwuliza kwanza, "Hapa ulikusudia?" Akisema ndiyo, wembe ulibaki kwenye droo.

Nyumbani ulikuwa hivyohivyo. Binti yako Bilkis alipotaka kuolewa na mtu asiyekuwa chaguo lako, ulimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha ukauliza kijana huyo anapenda kula nini.

Tulihofu chumba cha nyuma kingefungwa pamoja na macho yako. Hakikufungwa. Nassibu ndiye anayekiendesha sasa, na wapiga gita wameanza kumlalamikia yeye.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Unakumbukwa na mke wako Kherunisa, binti yako Bilkis na mumewe, wajukuu zako, jirani yako wa miaka yote, Rasiklal, na rafiki yako Nassibu. Flavia na Raymundi walikuja wiki iliyopita kutoka Ulyankulu, wakaomba majina yao yawekwe humu. Mama aliwauliza tuwaandike kama nani. Wakasema, kama watoto wake.

Hatutachoka kukukumbuka, Baba: sisi wanao, Bilkis, Flavia na Raymundi.