Mikaratusi ya Baba Mkwe

Jumanne, 10 Julai 1990

Chemchemini tangu alfajiri. Maji yanatoka kama mkojo wa mtoto. Mama Adelina amemaliza kumsuka binti yake nywele kabla ndoo yake haijajaa. Nilipoolewa hapa Igurwa, ndoo ilikuwa inafurika ukigeuka tu. Nimeingia darasani nimechelewa. Mwalimu mkuu kanitazama, akatazama na saa yake. Nimechoka.

Ijumaa, 13 Julai

Kamati ya mazingira imekaa shuleni. Mimi ndiye katibu, kwa sababu ya mwandiko tu. Bwana misitu alikuja na pikipiki kutoka wilayani. Akazunguka juu ya chemchemi, akasema mikaratusi hii ndiyo inayowanywea maji yenu. Ikatwe yote, ipandwe mitoma, miti ya asili inayotunza maji.

Wajumbe wakanitazama. Mikaratusi ni ya baba mkwe wangu. Aliipanda na marehemu mama mkwe, wakati serikali ilipohimiza watu wapande miti. Miche walipewa bure. Bwana misitu wa enzi hizo alimsifu mbele ya kijiji.

Barua ya kumwomba aikate nimepewa mimi niiandike.

Jumapili, 15 Julai

Nimeiandika mara tatu. Hakuna namna ya kuiandika vizuri. Mume wangu Deus ameisoma, akairudisha mezani. "Mimi simwambii. Nilimwona mama akipanda kilima na mtungi kuinywesha ile miche."

Na mimi siwezi. Mkwe hamwambii baba mkwe kata miti yako. Mwenyekiti ataipeleka. Nimefurahi kwamba ni yeye, na naona aibu kufurahi.

Jumanne, 17 Julai

Mwenyekiti kanisimulia. Alitaka kumsomea barua, Baba mkwe akakataa, akasema anajua kusoma. Ni kweli. Nilimfundisha mimi, darasa la watu wazima, miaka mitatu iliyopita. Siku ya kwanza alishika kalamu kama jembe hadi akajicheka.

Leo kaisoma yote kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akasema, "Huu ni mwandiko wa mwalimu wangu." Akaikunja, akaingia ndani.

Barua ya kwanza ya serikali aliyoisoma mwenyewe. Nimelia jikoni.

Jumapili, 22 Julai

Nje ya kanisa nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitika marahaba huku anaangalia barabara. Hajaja kula kwetu tangu Jumanne. Binti yangu kampelekea ndizi na maharage. Sahani imerudi tupu, imeoshwa. Basi amekula. Hilo limenifariji kuliko mahubiri.

Jumatano, 25 Julai

Chemchemi imekauka saa nne asubuhi. Tukashuka bondeni, wanakokunywa ng'ombe. Nimechuja kwa kanga, nimechemsha, bado yana rangi ya chai.

Mtoto mdogo wa Mama Adelina amelazwa. Anahara damu. Mama Adelina kaniambia mbele za watu kwamba mimi nauguza heshima ya mkwe wangu, na wao wanauguza watoto. Hakukosea. Ndiyo maana imeniuma.

Jumamosi, 28 Julai

Mtu kachuna magome ya mikaratusi miwili, kuzunguka shina lote. Baba kaikuta hivyo asubuhi. Watu wanasema nimetuma mimi. Aliyefanya namjua. Sitaandika jina.

Jumapili, 29 Julai

Nimekwenda. Peke yangu, bila Deus. Si desturi.

Nilimkuta anafunga vidonda vya miti kwa udongo na majani ya mgomba, kama anavyofungwa mtu. Kamba ilikuwa inamponyoka. Nikaishika upande wa pili. Hakunifukuza.

Nikamwambia barua niliandika mimi na maneno ni yangu. Miti sikuigusa wala sikumtuma mtu. Nikamwambia na habari za mtoto wa Mama Adelina, kwamba bado yuko wodini.

Akamaliza fundo kwanza. "Uliandika 'tunakuomba'. Mara mbili. Mwenyekiti asingeandika hivyo."

"Ndiyo, Baba."

"Walipotupa miche walisema italeta mvua. Leo wanasema inakunywa maji. Kesho wakija wengine wakasema mitoma ni mibaya?"

Nikasema sijui.

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu barua. Halafu akanionyesha mti mmoja mnene. Ukiwa mche, mama mkwe aliukanyaga kwa bahati mbaya, akaufunga kijiti, akawa anaujia kila jioni mpaka ukasimama. Nilimjua mwaka mmoja tu kabla hajafa. Leo nimemjua zaidi.

Alhamisi, 2 Agosti

Mkutano wa kijiji. Nilikuwa na karatasi ya kamati mkononi. Baba akasimama kabla yangu.

Alisema mkewe aliipanda ile miti ili watu wapate kitu, si ili wakose. Hakuna atakayeigusa. Ataikata mwenyewe na wanawe. Na aliyechuna magome hamuulizi, ila siku hiyo aje kubeba magogo. Watu wakacheka, wengine wakainama.

Sikuweza kusoma karatasi yangu. Mwenyekiti kasoma badala yangu.

Jumatatu, 6 Agosti

Misumeno kutwa nzima. Kila mti Baba alipiga shoka la kwanza, kisha akawaachia wanawe. Kwenye ule mnene alisema maneno kwa Kinyambo, polepole. Nilisogea mbali ili nisiyasikie.

Mbao ni za nyumba ya Projestus, mdogo wake Deus. Mama Adelina na mumewe wamebeba magogo mpaka jioni. Mtoto wao karudi nyumbani juzi, mwembamba, anakula.

Kilima kimebaki uchi. Nilidhani nitafurahi. Nimejiona mwizi.

Ijumaa, 10 Agosti

Baba amekuja kula. Kasema maharage yamezidi chumvi. Ni kweli yalizidi. Nimemwongezea chai.

Jumapili, 30 Septemba

Wiki ya pili ya mvua. Ndoo inajaa kabla hamjamaliza kusalimiana. Bwana misitu anasema ni kwa sababu mikaratusi imekatwa. Sijui. Mvua nayo ni nzuri mwaka huu. Tutajua kiangazi.

Jana tulipanda mitoma, kamati na watoto wa shule, kwaya ikiimba wimbo mpya wa kutunza vyanzo vya maji. Baba hakuja. Jioni Deus kamwona huko peke yake. Vipandikizi vitatu tulikuwa tumevichomeka kichwa chini. Alivichomoa, akavigeuza, akashindilia udongo kwa kisigino.

Jumamosi, 8 Desemba

Nilikuwa napepeta maharage, Baba akasimama uani na panga. "Mwalimu, twende."

Visiki vimechipua. Kwenye kamati hakuna aliyejua kwamba mkaratusi ukikatwa unarudi. Yeye alijua tangu mwanzo, hakusema. Projestus anasema huu ni mwezi wa pili Baba anakwenda kila Jumamosi kuyakata machipukizi. Leo goti lilimsumbua, ndiyo maana akanichukua.

Alikwenda kisiki kwa kisiki. Kwenye kimoja akasimama, akashika chipukizi kati ya vidole. Lilikuwa jekundu, laini, urefu wa mkono.

"Hili linataka kuishi," akasema.

Kisha akalikata.

Nikayakusanya yote kikapuni, mbuzi hawayali, nitayatupa shimoni. Tukarudi polepole, yeye mbele, mimi nyuma, tukipumzika kila penye mwinuko.