Wamefuta Pumzi Zako

Kaka Mutiso,

Nimejaribu mara tatu kukuandikia kwa upole nikashindwa. Kila nikifika kwenye jina la Edwin mkono unagoma. Basi acha nikuandikie na hasira zangu hivi hivi, wewe ulishanizoea.

Miezi mitano imepita tangu tukuage. Ulifika Machakos salama, Mama Kioko alikusindikiza mpaka kaburini, kisha akarudi huku Marekani, Beltsville, peke yake. Ile nafasi yako ya kuegesha gari wamepewa watu wa ghorofa ya pili. Kioko amemaliza muhula wa kwanza chuoni. Ukimsemesha Kiswahili bado anajibu kwa Kiingereza, ila siku hizi anainamisha kichwa kwanza, vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Hizo ndizo habari njema. Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Wamekuimbisha, kaka. Umekufa, umezikwa, na bado wamekuimbisha.

Jumapili iliyopita tulialikwa kuimba Fairfax, kwenye ukumbi wa maktaba. Tangu uondoke, kikundi chetu cha Wanne wa Ngazini tumebaki watatu: mimi, Edwin, na Papa Bisimwa wetu wa Bukavu. Nilidhani tutaimba nyimbo mbili nyepesi zisizohitaji besi, ile sauti yako nzito, tushukuru watu, tushuke. Edwin akaja na spika. Nikamuuliza ya nini, maana sisi hatujawahi kutumia chombo chochote, akasema ningoje, kuna surprise. Tukasimama. Akabonyeza simu yake, na sauti yako ikatoka kwenye lile sanduku. Wewe mwenyewe, na ile duum-duum yako ya kutoka tumboni.

Nilishindwa kuingia, na si kwa uchungu tu. Unajua tulivyokuwa tukifanya kazi. Hatuna piano, hatuna wa kutuhesabia. Wewe ulikuwa unavuta pumzi kwa pua, nzito, sisi watatu tunaisikia, tunaingia pamoja. Miaka kumi na mmoja tumeingia kwa pumzi yako. Pale Fairfax sauti ilikuwepo, pumzi hakuna. Papa Bisimwa akaingia mapema mno, mimi sikuingia kabisa, Edwin akaendelea kuimba huku anatabasamu na kuwapungia watu mkono.

Na Mama Kioko alikuwa amekaa safu ya tatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa na lile koti lake la kijani, mkoba kwenye magoti. Ulipoanza tu, aligeuka haraka akatazama mlangoni, kama anavyogeuka mke aliyezoea kusikia mumewe akirudi kutoka kazini. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akainama akaanza kufunga na kufungua zipu ya mkoba. Mimi nilikuwa jukwaani namwona, na sikufanya lolote. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Jina lako halikutajwa hata mara moja.

Nikamfuata Edwin kwenye maegesho.

"Rehema, relax, ni tribute tu," akaniambia. "Nili-clean hizo recording, nikatoa makelele yote ya kupumua. Si ameskika poa?"

Makelele, kaka. Ndivyo alivyoziita.

Huyo Edwin tulimtoa wapi, mimi na wewe? Alikuwa mshereheshaji wa harusi pale Woodbridge, anatania wakwe mpaka wananuna, ukanong'ona kwamba ana koo zuri, tumchukue kabla hajapigwa. Hakuwepo wakati wa Mzee Walter. Hakutuona mimi na wewe kwenye kile kituo cha wazee tulikokuwa tukifanya kazi, tunabadilisha shuka, naye Mzee Walter kitandani, hana jamaa wa kumtembelea, anatufundisha nyimbo walizokuwa wakiimba vijana wenzake kwenye kona za mitaa ya Washington. Alikuwa anampa kila mtu sauti yake, mmoja mmoja, na ukikosea anafumba macho mpaka uanze upya. Mimi wa Mombasa niliyekulia kwenye taarabu, wewe Mkamba wa kwaya ya kanisa, tunajifunza duu-wa duu-wa kwa mgonjwa wetu huku tunamkata kucha.

Edwin hakuwepo pia tulipohamia kwenye ngazi za jengo lenu kwa sababu zilikuwa na mwangwi. Majirani waligonga kuta wiki mbili, wiki ya tatu wakaanza kufungua milango wasikilize. Yeye alikuta jina lipo, sare ipo, mialiko ipo. Akina mama kwenye harusi walikuwa wakikuuliza, kwani hizo duu-wa zenu zina maana gani? Ukawa unawajibu, "Zina maana tunamsikiliza anayesimulia." Anayesimulia alikuwa Edwin, mwimbaji wetu wa mbele. Miaka yote hiyo tulikuwa nyuma yake tukimsikiliza, na yeye hakuwahi kukusikiliza wewe hata siku moja, ndiyo maana ameweza kukaa na kisu chake cha kompyuta akakuondoa pumzi moja moja.

Lakini kuna jambo lingine, na nikilificha nitakuwa mnafiki. Zile sauti alizipata kwangu.

Ulinikataza. "Usinirekodi, Rehema, bado natafuta." Kila mazoezi ulisema hivyo, na kila mazoezi niliitikia sawa kaka, na simu ikawa inarekodi ndani ya mfuko wa sare yangu ya kazi. Nilitaka kujifunza sehemu yangu nikiwa nyumbani. Kwa miaka ile ya mwanzo hiyo ilikuwa kweli. Baadaye nilirekodi kwa sababu nilipenda kukusikia ukicheka tukikosea. Ulipozikwa, Edwin akanipigia analia kabisa, akasema, nitumie hata moja, nataka tu kumskiza nikiwa kwa gari. Mtu analia hivyo, utamnyimaje? Sikumtumia moja. Nilimtumia zote.

Jumanne nilikaanga mahamri nikaenda kwa mkeo kuomba radhi. Nilitegemea anifukuze. Akanikaribisha, akaweka chai jikoni, akakaa.

"Rehema, kwani hamngeniambia kwanza?"

Nikasema tumekosa, mama. Nikamweleza kuhusu simu na ule mfuko wa sare, kila kitu. Akawa anakata hamri vipande vidogo bila kula.

"Mimi nimelala kando ya huyo mtu miaka ishirini na sita," akasema. "Ile ya Fairfax haikuwa yeye. Mutiso wangu alikuwa anapumua."

Nikamwekea rekodi yenyewe, ile isiyoguswa. Tukaisikiliza hapo mezani. Jirani anagonga ukuta, Papa Bisimwa anakohoa, wewe unavuta ile pumzi yako na unasema, "Turudie, mmechelewa wote." Mkeo akacheka na machozi yakamtoka hapo hapo, na mimi pia. Alipomaliza kujifuta aliniambia neno moja tu: hii ni ya nyumbani, isipigiwe watu.

Nikampelekea Edwin hayo maneno vilevile. Akasema Jumamosi ni harusi ya Woodbridge, program ishachapishwa, besi iko kwenye program, na mimi nisiharibu brand. Brand! Sisi watu wa ngazini tuna brand. Nikampigia Papa Bisimwa, akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Dada, miye siwezi kuimba na mutu hayuko." Kwa hiyo tuko wawili.

Nisamehe kwa kutokukutii. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Zile rekodi zote nimempa mkeo, na kwenye simu yangu nimezifuta, ingawa nilikaa bafuni nusu saa kabla ya kubonyeza.

Jumamosi nitafika Woodbridge nimevaa sare yetu. Nitawaambia watu jina lako lote, Boniface Mutiso, nitawaambia ulikuwa besi wetu na umefariki, kisha mimi na Papa Bisimwa tutaimba kwa sauti zetu mbili, hata kama zitasikika pungufu. Na Edwin akiwasha ile spika, nakuahidi, nitauchomoa waya wake mbele ya maharusi, wazazi na mchungaji, nikae nao mapajani mpaka watu watakapokwenda zao.

Lala, kaka. Jumamosi huimbi.

Mdogo wako,
Rehema